Ndoano ya manyoya: je, kudanganya samaki ni uongo?

Katika kijitabu hiki cha desturi zetu wengine wataandika juu ya ndoa, wengine juu ya matanga, wengine juu ya ngoma na majina ya watoto. Sisi tumechagua kitu kidogo sana, kinachoweza kukaa juu ya ukucha wa kidole: ndoano iliyofungwa manyoya ya kuku. Mtu atauliza, je, hii nayo ni desturi ya kuandikia? Ndiyo. Tena ndani yake kuna swali ambalo vijana wetu wanatuuliza, na sisi wakubwa mara nyingi tunacheka tu bila kujibu.

Swali ni hili. Kila siku tunafundisha watoto: usiseme uongo, njia ya mwongo ni fupi. Kisha jioni baba huyohuyo anachukua ndoano, anafunga manyoya meupe juu yake, anaivuta majini ili samaki aseme ndani ya moyo wake, «huyu ni ndakala, chakula kimefika». Samaki anakuja, anauma, na hakuna ndakala, kuna chuma. Mtoto anatazama yote. Siku moja anauliza: «Baba, si umemudanganya?» Tumjibu nini?

Kuna wanaosema hilo ni swali la watu walioshiba. Hapana. Anayejibu vibaya hapa atajibu vibaya kwa mambo makubwa kuliko samaki, nasi katika Bendera tunajua jambo hilo kuliko wengi. Tutafika hapo. Lakini kwanza tuangalie kazi yenyewe, maana hatuwezi kuhukumu kazi ambayo hatujaitazama.

Kazi ya kuchagua na kufunga

Kuna mikono ya namna mbili. Wa ziwani wanatafuta mikebuka. Mkebuka ni mwindaji, anafuata makundi ya ndakala na kuwala, na jicho lake linakamata kila kinachong'aa na kukimbia. Kwa hiyo mvuvi wa mshipi anapanga ndoano kadhaa kwenye uzi mmoja, na kila ndoano anaifunga kitu cheupe au cha kung'aa: unyoya, nyuzi za nailoni, kipande chembamba cha plastiki. Anashusha, kisha anavuta kwa kurukisha mkono, juu, chini, juu, chini. Hakuna nyama kwenye ndoano. Chambo ni ule mwendo.

Wa milimani, sisi wa mto na wa maji yaliyotulia nyuma ya baraji, tunatafuta samaki wadogo wa kikaango. Samaki hawa wanakula vidudu vinavyoanguka juu ya maji na vile vinavyotambaa chini kwenye mawe. Hapo ndoano inakuwa ndogo, na manyoya lazima yafanane na mdudu.

Mtu anayejua kazi hii haanzi na manyoya, anaanza na macho. Anafika kwenye maji, anakaa, hatupi kitu. Anatazama ni mdudu gani anaruka, ni rangi gani, anaanguka wapi. Akipata samaki wa kwanza anampasua tumbo na kuangalia amekula nini leo, si amekula nini jana. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanatoka ardhini kwa wingi, wengi wanaanguka majini, na siku hizo samaki hataki kitu kingine. Hapo anayefunga anatafuta unyoya wa rangi ya udongo, anafanya kiwiliwili kinene na mabawa marefu yaliyolala nyuma. Maji yakiwa machafu baada ya mvua, anachagua rangi nzito, nyeusi au kahawia iliyokolea, kwa sababu ndani ya maji ya matope samaki anaona kivuli kabla ya kuona rangi. Maji yakiwa safi anapunguza kila kitu: ndoano ndogo, manyoya machache, uzi mwembamba.

Kisha anafunga. Uzi wa kushonea unapakwa nta ya nyuki ili ushike na usinyonye maji upesi. Unazungushwa juu ya shina la ndoano kutoka karibu na tundu hadi karibu na pindo, mzunguko ukibanana na mzunguko. Kiwiliwili kinatengenezwa kwa sufu, kwa singa za mbuzi, au kwa nyuzi zilizochambuliwa katika nguo kuukuu. Unyoya wa shingo ya jogoo ni mgumu kidogo, unasimama, kwa hiyo unafaa kwa ndoano ya kuelea. Unyoya wa kifua cha kuku jike ni laini, unalala na kupumua majini, kwa hiyo unafaa kwa ndoano ya kuzama. Unyoya unazungushwa mara mbili au tatu karibu na tundu, ncha zinasambaa kama miguu ya mdudu. Mwisho ni fundo, na fundo ndilo linaonyesha kama mtu ni fundi. Likifunguka, kazi yote inaenda na maji.

Uzi unatukumbusha jambo jingine. Santrali yetu ya umeme, iliyojengwa kwenye mto Kyimbi katika miaka ya 1950, ina nguvu ya megawati 17 hivi, na nyaya zake zinashuka kilomita zipatazo 120 hadi Kalemie, mji ulioitwa Albertville wakati ule. Huko Kalemie kulikuwa na kiwanda cha Filtisaf kilichosokota na kufuma pamba. Leo kiwanda kile hakifumi tena, na uzi tunaofungia ndoano unatoka mbali. Maji bado yapo.

Desturi hii si ya kwetu peke yetu

Wengine wanafikiri kwamba kufunga manyoya kwenye ndoano ni ujanja wa maskini aliyekosa minyoo. Sivyo. Karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, Aelian, Mroma aliyeandika kwa Kigiriki, alisimulia habari za wavuvi wa Makedonia. Katika mto wao kulikuwa na samaki wenye madoa waliokula mdudu fulani juu ya maji. Wavuvi wale hawakumtumia mdudu mwenyewe, kwa sababu akishikwa na mkono wa mtu alipoteza rangi yake na mabawa yake yakanyauka. Kwa hiyo walizungusha sufu nyekundu juu ya ndoano na kufunga manyoya mawili ya jogoo, yale yanayoota chini ya ndevu zake. Ona sasa: miaka zaidi ya 1800 iliyopita, jogoo ni yuleyule, na uzi unazungushwa vilevile.

Uingereza mwaka 1496 kilichapishwa kitabu kilichofundisha uvuvi wa ndoano na kutaja namna 12 za ndoano za manyoya kufuatana na miezi. Kitabu hicho hakikuishia kwenye manyoya. Kilimwonya mvuvi asiwe mlafi wa kutoa samaki wengi mno kwa mara moja. Kwa hiyo waliofundisha kudanganya samaki walifundisha pia kiasi. Tulishike neno hilo.

Karibu zaidi na sisi kuna Kenya. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alitia samaki aina ya trauti, waliotoka Loch Leven kule Scotland, katika mto Gura wa milima ya Aberdare, ambayo leo inaitwa Nyandarua. Baadaye pale Kiganjo, karibu na Nyeri, kikawekwa kituo cha kuwazalisha. Trauti hawakuletwa ili kulisha wenyeji, waliletwa kwa mchezo wa walowezi. Lakini mambo yaligeuka kidogo. Mikono ya Wakenya ilijifunza kufunga ndoano za manyoya, na leo Kenya inajulikana kwa ndoano hizo zinazouzwa Ulaya na Marekani. Kuna wanawake huko wanaofunga tangu asubuhi mpaka jioni mdudu wa mto ambao hawatauona kamwe, kwa ajili ya samaki ambaye hawatamla.

Basi kama kufunga manyoya ni uongo, ni uongo wa dunia nzima, na kuna watu wanaoufanya kwa mshahara. Swali la mtoto linabaki palepale.

Majibu mawili yasiyotosha

Jibu la kwanza tunalosikia ni hili: «Samaki si mtu. Uongo ni kwa watu. Kwa samaki hakuna uongo, kwa hiyo hakuna kosa.»

Jibu hili ni jepesi, na nusu yake ni kweli. Lakini likisimama peke yake linafungua mlango mpana sana. Kama kwa samaki hakuna kosa lolote, basi chochote kinaruhusiwa. Mtu anayesaga majani ya buba na kuyamwaga katika kidimbwi mpaka samaki wote waelee, wakubwa na wachanga, naye atasema samaki si mtu. Anayemwaga dawa ya wadudu ya dukani atasema hivyohivyo. Jibu linalotetea ndoano na sumu kwa maneno yaleyale halijatusaidia kuona tofauti, na tofauti ipo, kila mtu anaiona kwa macho yake kesho yake asubuhi.

Jibu la pili ni la njaa: «Watoto wanataka kula. Mwenye njaa haulizwi.» Hili tunaliheshimu. Sisi tunaokaa hapa tunajua bei ya samaki na tunajua mwezi usio na kitu ndani ya sufuria. Lakini njaa inaeleza kwa nini mtu anavua, haielezi kwa nini anavua namna hii na si namna ile. Anayeshona vyandarua vya mbu pamoja na kukokota ufuko naye anasema njaa. Chandarua hicho kilitolewa ili mtoto asife kwa malaria. Kikipelekwa majini, matundu yake hayaachi hata samaki wa jana, na dawa iliyopakwa ndani yake ni ya jamii inayoua samaki upesi. Njaa ya leo imekula chakula cha kesho, na mtoto aliyekuwa alale ndani ya chandarua sasa analala na mbu.

Kwa hiyo tunahitaji jibu la tatu, litakalotenganisha mambo ambayo majibu haya mawili yanayachanganya.

Uongo ni kusaliti imani

Sisi tunajibu hivi: uongo haupimwi kwa kitu kisichofanana na ukweli. Kama ingekuwa hivyo, msimulizi wa hadithi za sungura angekuwa mwongo, na mchezaji wa ngoma aliyevaa sura ya mnyama angekuwa mwongo. Uongo unapimwa kwa imani iliyosalitiwa. Mwongo ni yule aliyepewa imani na mwingine, kisha akaigeuza kuwa mtego.

Samaki hajatupa imani. Hakuna agano kati ya mkebuka na mvuvi. Samaki ni mwindaji naye, anawinda ndakala, na ndakala nao wana namna zao za kumkwepa. Katika ziwa lenyewe vitu vingi vinajificha, vinajipaka rangi ya mawe na rangi ya mchanga. Anayefunga manyoya anaingia katika mchezo uliokuwepo kabla yake. Samaki anajua kwamba si kila king'aacho kinaliwa, ndiyo maana anakaribia, anatazama, anageuka. Wazee wa mshipi wana maneno yao: «Samaki haiko mujinga. Weye unafikiri unachagua samaki, kumbe yeye ndiye anachagua ndoano.»

Hapo mtu anaweza kupinga, na kupinga kwake ni kwa haki: «Aliyedanganywa anachagua nini? Anachagua kitu ambacho hakipo.» Ni kweli, samaki anayeuma hajui anachouma. Lakini tuangalie upande wa pili wa uzi. Kwa sababu samaki anaweza kugeuka, mvuvi anaweza kurudi mikono mitupu, na mara nyingi anarudi hivyo. Uwezekano huo wa kukosa ndio unaomlazimisha kukaa, kutazama maji, kujua mdudu wa mwezi huu, kujua samaki yuko wapi jua likipanda. Ujanja unaoweza kushindwa unamfundisha mwenye ujanja. Sumu haimfundishi mtu kitu, kwa sababu mbele yake hakuna samaki anayegeuka. Mtu anaweza kumwaga sumu miaka 10 bila kujua samaki wa kidimbwi kile wanakula nini.

Tena ndoano inachukua mmoja mmoja, na ukubwa wake unachagua. Ndoano ya mkebuka haiingii katika mdomo wa samaki mchanga. Anayefunga ndoano kubwa kidogo amekwisha kusema, kabla ya kufika majini, nani atabaki. Huo ni ukweli uliofungwa ndani ya uongo.

Lakini kuna wengine ambao wametupa imani, hata kama samaki hakutupa. Jirani aliye chini ya mto ametupa imani kwamba maji yatakayomfikia yatafaa kunywesha mtoto. Mvuvi wa kesho, ambaye leo yuko mgongoni mwa mama yake, ametupa imani bila kujua. Mwenye kumwaga sumu hajadanganya samaki hata mmoja, kwa sababu hakumwonyesha kitu. Lakini amewasaliti watu hawa wote. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, anayedanganya samaki kwa manyoya anaweza kuwa mtu mkweli, na asiyemdanganya samaki hata kidogo anaweza kuwa mwongo mkubwa. Samaki si mtu, ndiyo, lakini maji ni ya watu.

Je, buba si desturi yetu?

Hapa tunafika mahali pagumu, na shirika la utamaduni haliwezi kupapita kwa kunyamaza. Vijana wanatuambia: «Ninyi mnatetea desturi. Buba ni ya mababu.» Wana haki. Mmea ule unapandwa karibu na vijiji katika sehemu nyingi za Afrika ya kati, na kuvua kwa sumu ya majani ni kazi ya kale sana. Kama umri ndio kipimo, basi buba ina haki ya kuheshimiwa kama ndoano, pengine kuliko ndoano.

Lakini wazee hawasimulii buba peke yake. Wanasimulia na masharti yake. Ilikuwa wakati wa kiangazi, maji yakiwa madogo na vidimbwi vimetengana na mto. Ilikuwa siku iliyotangazwa, si usiku wa mtu mmoja. Mwenye ardhi aliulizwa kwanza. Kijiji kizima kilishuka, wanawake na vikapu vyao, na samaki waligawanywa, hata mjane asiye na mkono wa kumsaidia alipata. Kisha kidimbwi kile kiliachwa, mpaka mvua zikijaza mto na kuleta samaki wengine.

Kinachofanywa siku hizi kwa jina la mababu kimeacha masharti yote na kubaki na sumu tu. Desturi iliyopoteza masharti yake si desturi tena, ni jina lililovaliwa na kitu kingine, kama manyoya yaliyovaliwa na chuma. Anayesema «ni ya mababu» huku akimwaga chupa ya dukani usiku anatutupia ndoano sisi wenyewe.

Jambo hili haliko Bendera tu. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Kongo yetu, Burundi, Tanzania na Zambia. Nchi hizo zilikubaliana kupumzisha uvuvi kwa muda kila mwaka ili samaki wazaliane, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Wengi walilalamika, na njaa ya miezi mitatu si mchezo kwa mtu ambaye shamba lake ni ziwa. Lakini tukitazama vizuri, kupumzisha maji kulikuwa katika masharti ya wazee kabla ya kuwa katika karatasi za serikali. Tofauti ni kwamba zamani aliyefunga maji alikaa nasi, akaona njaa yetu, akajua siku ya kuyafungua. Wanaofunga leo wanapaswa kukumbuka hilo.

Na wanaodanganya kwa mchezo?

Katika nchi nyingine kuna wavuvi wanaomvuta samaki kwa ndoano ya manyoya, wanamtazama, kisha wanamrudisha majini. Mtu wa Bendera akisikia habari hiyo anacheka: umetembea mbali, umekaa juani, umemshika, kisha umemwacha? Lakini tusicheke upesi. Wale wanasema wanamwacha ili aendelee kuzaa, na maji mengi kwao yamebaki na samaki kwa sababu hiyo. Wengine wanabonyeza ule mwiba mdogo wa ndoano ili isimrarue mdomo. Kuna adabu ndani yake.

Hata hivyo tunabaki na neno letu. Samaki hakutupa imani, lakini ana maumivu ya kuvutwa, na anayemvuta bila haja anapaswa kujiuliza maumivu hayo yanamlipa nini. Wazee wetu walikataza kuchezea chakula. Kwetu sisi, haja ndiyo inayompa mtu ruhusa ya kutumia ujanja, na kiasi ndicho kinachoizuia ruhusa hiyo isiharibike. Haja bila kiasi ni ulafi. Kiasi bila haja ni mchezo mzuri, lakini ni mchezo juu ya mdomo wa mwingine.

Ndoano zinazotupwa kwa watu

Tulisema tutafika kwenye mambo makubwa kuliko samaki. Mwezi wa Juni 1965 hapa petu palipigwa vita. Waasi wa Simba pamoja na wapiganaji kutoka Cuba, waliokuja nchini na Che Guevara, walishambulia kambi iliyolinda santrali ya umeme, na wakashindwa. Katika vita vile vya miaka ya 1964 na 1965 vijana wengi waliambiwa kwamba dawa ya mganga itageuza risasi kuwa maji. Risasi zilibaki risasi.

Hatusemi haya ili kudharau dawa za wazee wala kuhukumu upande mmoja wa vita vile. Tunauliza swali letu lilelile: hapo uongo ulikuwa wapi? Kijana yule hakuwa samaki. Hakukaribia, akatazama, akageuka. Aliamini kwa sababu aliyemwambia alikuwa mkubwa wake, mtu wa lugha yake, anayemwita mwanangu. Imani ilitolewa, na imani ikageuzwa mtego. Huo ndio uongo kamili, hata kama aliyeusema hakuwa na unyoya mkononi.

Na tangu siku zile manyoya ya namna hiyo hayajaisha. Kijana anaahidiwa mshahara katika machimbo, akifika anakuta deni. Anaahidiwa safari ya ng'ambo, anatoa pesa ya familia, mtu anazima simu. Anaahidiwa cheo akichukua bunduki, anapata kaburi lisilo na jina. Watu husema bendera hufuata upepo, na wengine wanalichezea jina la mji wetu kwa methali hiyo. Sisi tungependa vijana wa Bendera wawe na jicho la samaki mzee: wakaribie, watazame, waulize nani ameshika uzi, na wakiona chuma wageuke.

Hata katika ufundi wenyewe kuna mahali ambapo uongo wa kweli unaweza kuingia. Turudi kwa mama yule wa Kenya anayefunga ndoano kwa mshahara. Kwa samaki, ndoano yake ni ujanja. Lakini kwa mnunuzi ni neno la heshima: fundo halitafunguka, uzi umebanana, unyoya ni ule ulioahidiwa. Mnunuzi ametoa imani pamoja na pesa. Akifunga fundo la uvivu na kulificha chini ya rangi, hapo ndipo amesema uongo, tena kwa mtu. Kumbe kitu kilekile, kidogo kama punje, kinaweza kuwa ujanja mbele na ukweli nyuma, au ujanja mbele na uongo nyuma. Fundo ndilo linaamua.

Tumjibu nini mtoto

Basi mtoto akiuliza, «Baba, si umemudanganya?», tusicheke na tusimfukuze. Tumwambie: «Ndiyo, mwanangu, nimemdanganya samaki, na nimefanya hivyo kwa sababu tunataka kula. Samaki hakuniamini mimi, aliamini jicho lake, na jana jicho lake lilinishinda. Lakini weye unaniamini, ndiyo maana siwezi kukudanganya weye. Na jirani wa chini ya mto ananiamini, ndiyo maana sitii sumu katika maji.» Mtoto ataelewa. Watoto wanaelewa tofauti ya mchezo na usaliti kuliko sisi.

Kisha tumpe uzi, nta na unyoya wa jogoo, tumwonyeshe namna ya kuzungusha. Tusianze kwa kumwonyesha samaki. Tumkalishe kwanza kando ya maji, atazame wadudu, atuambie leo samaki wanakula nini. Shirika letu lingefanya vizuri kuwakusanya wazee wa mshipi wa ziwani na wa mto, wa Waholoholo, wa Wabembe, wa Watabwa na wengine, wakae na vijana siku moja ya mvua za kwanza, kumbikumbi wakiruka. Waeleze ndoano zao, na waeleze pia masharti ya buba jinsi yalivyokuwa, yote, bila kuficha. Mikono hiyo inazeeka, na ndoano bila mwenye kuieleza ni chuma na manyoya tu.